Kuwinda na Mtoto: Subiri Mpaka Ajue Kuishusha Bunduki

Swali ninaloulizwa sana na wazazi wenzangu wanaowinda ni la umri. Aanze akiwa na miaka sita? Kumi? Kumi na miwili? Nimewinda na watoto wangu, wa kiume na wa kike, na baadhi ya wapwa zangu, na kila mmoja aliiva kwa wakati wake. Binti yangu alikuwa tayari akiwa na umri mdogo kuliko aliokuwa nao kaka yake alipofika hapo. Kwa hiyo sina namba ya kukupa. Ninachoamini ni kwamba mtoto yuko tayari kuwinda na bunduki siku anapoweza kuishusha bila kufyatua, kwa uamuzi wake mwenyewe, huku mnyama amesimama mbele yake na moyo unamwenda mbio. Kabla ya hapo aje porini kadiri anavyotaka, lakini mikono mitupu.

Watu huchanganya mambo mawili hapa. Kufuatana na mzazi mawindoni ni jambo moja, kupiga risasi ni jambo jingine, na kati yake inaweza kupita miaka mingi. Wanaoniambia samaki mkunje angali mbichi husema kweli, ila huisikia methali hiyo kana kwamba inazungumzia bunduki. Vitu vya kumkunja navyo angali mbichi ni macho, masikio, miguu na subira. Bunduki inaweza kungoja.

Sheria nayo haitakujibia. Norwei humruhusu kijana kuwinda wanyama wadogo akifika miaka 16 na wakubwa akifika 18, na mafunzo chini ya mtu mzima yanaweza kuanza mwaka anaotimiza 14. Ujerumani hutoa kibali cha vijana kuanzia miaka 16, na mwenye kibali hicho lazima aandamane na mtu mzima. Jimbo la Wisconsin kule Marekani liliondoa kabisa umri wa chini mwaka 2017 kwa mtoto anayewinda chini ya msimamizi. Watoto wa nchi hizo hawatofautiani kiasi hicho. Soma sheria ya mahali ulipo, ujue kama kuwinda kunaruhusiwa na kwa kibali gani, uifuate bila kukwepa. Baada ya hapo kazi ya kumpima mwanao ni yako, maana sheria haimjui.

Tuanze na kufuatana tu. Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kuja ikiwa anatembea bila kubebwa, anasema mapema akibanwa na haja, na anaweza kukaa kimya kwa muda mfupi bila kuona ni adhabu. Hayo tu yanatosha. Siku hiyo usijidanganye kwamba umeenda kuwinda. Umeenda kumwonyesha mtoto pori, na mnyama akipatikana ni nyongeza. Rudi nyumbani angali anataka kubaki. Mtoto aliyepigwa baridi, aliyelowa au aliyeshinda na njaa hukumbuka baridi na njaa, na mwaka unaofuata utambembeleza bure. Mwili wa mtoto hupoteza joto upesi kuliko wako, kwa hiyo usipime baridi kwa ngozi yako. Mguse mikono na masikio, na umwangalie midomo.

Katika safari hizo za mikono mitupu ndimo uwindaji wenyewe unamofundishwa. Mpe vumbi kavu kiganjani, mwambie aliachie kidogo kidogo kwenye usawa wa kifua na aangalie linakoelekea. Mwulize: mnyama akiwa pale kichakani, anatunusa au hatunusi? Mwache afikiri. Akikosea, mwende mpaka kichakani mkaone palipokuwa pamelaliwa, nyasi zimelala chini na bado zina uvuguvugu, mwenyewe amekwisha kuondoka. Somo la upepo likiingia namna hiyo halitoki. Nyayo ni vivyo hivyo. Ukingo wa unyayo mpya ni mkali, na vijipande vya udongo vilivyosukumwa pembeni bado vina unyevu. Wa jana ukingo wake umelegea, chembe za mchanga zimeanza kuporomokea ndani, na pengine mdudu amepita juu yake akaacha mstari wake mwembamba. Piga magoti na mtoto hapo chini, mkae hata robo saa. Usiwe na haraka. Sijui shule inayomfundisha mtoto kutazama kuliko unyayo mmoja unaotazamwa vizuri.

Kitu kimoja nakipima kwa ukali hata katika hatua hii: neno "simama". Nikilitamka, hata kwa kunong'ona, mtoto anasimama palepale, mguu ukiwa hewani anauweka pole pole, hageuki, haulizi kwa nini. Maswali baadaye, nami huyajibu yote. Tulifanya mazoezi ya neno hilo nyumbani kama mchezo, na nao walikuwa na haki ya kunisimamisha mimi. Mtoto ambaye lazima aambiwe mara tatu nyumbani ataambiwa mara tatu porini, na porini mara ya tatu inaweza kuwa imechelewa.

Sasa bunduki. Kanuni ni nne na wawindaji wote wanazijua: kila bunduki ihesabiwe ina risasi mpaka uhakikishe mwenyewe, mtutu usielekezwe kamwe kwenye kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga, ujue unacholenga na kilichopo nyuma yake. Mtoto wa miaka minane anaweza kuzikariri jioni moja, na hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. Kukariri si kitu. Mimi humpa mtoto bunduki tupu, niliyoikagua chumba cha risasi mbele ya macho yake, tukatembea nayo msimu mzima, tukivuka mitaro, tukipita vichakani, tukipokezana. Simkumbushi. Natazama mtutu unaelekea wapi anapojikwaa, anapochoka, anapoitwa ghafla jina lake. Mtu akiitwa hugeuka mwili mzima. Mtoto aliyekwisha kuiva hugeuza shingo tu, na mtutu unabaki ulikokuwa. Hicho ndicho ninachongojea, na hakuna umri unaokileta peke yake.

Bunduki yenyewe imtoshe. Kitako kikiwa kirefu kuliko mkono wake, ataegemea nyuma ili kuibeba, na akipiga itamsukuma vibaya. Ikiwa nzito atatetemeka, ikipiga teke kali begani atajifunza kuiogopa kabla hajajifunza kulenga. Anzeni na bunduki ndogo ya .22, yaani ya risasi nyembamba yenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi, lakini asiidharau, kwa sababu risasi yake inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwenye uwanja wa mazoezi changanya risasi za kweli na za bandia zisizo na baruti, bila yeye kujua ipi ni ipi. Ikifika ya bandia, utaona wazi kama amefumba macho na kuuangusha mtutu kwa kuutarajia mlio. Anayefanya hivyo atajeruhi wanyama. Rudini nyuma, risasi chache kwa siku, bunduki laini zaidi, mpaka hofu imtoke.

Na masikio! Bunduki nyingi za kuwindia hutoa mlio wa desibeli 140 hadi 170, na kusikia kunakopotea kwa mlio wa namna hiyo hakurudi. Mvalishe vikinga masikio hata kama yeye amekaa tu pembeni yako. Naona uchungu kila ninapoona mtoto ameziba masikio kwa vidole huku mzazi wake amevaa vya kwake.

Kifo cha mnyama ni sehemu ambayo wazazi huiruka, nami ningeipa uzito kuliko zote. Mtoto aone mnyama akipasuliwa kabla hajaona akipigwa. Wa kwangu walianza kwa kushika mguu wakati nachuna, kisha kunishikia ngozi ikiwa imevutwa, kisha wakapewa kisu. Nilimwonyesha binti yangu mapafu yalivyo nyuma ya bega, akayapima kwa kiganja chake mwenyewe akashangaa jinsi palivyo padogo pa kulenga. Nikamwonyesha nyongo na kibofu na kwa nini kisu hakipiti karibu navyo ovyo. Akauliza kama mnyama alihisi maumivu. Nilimjibu ukweli: risasi ikipita hapa kwenye mapafu na moyo, maumivu ni mafupi, ikipita huku tumboni, ni marefu, na kosa ni la aliyepiga. Usimdanganye mtoto hapo. Akijua bei ya risasi mbaya, atakuwa mzito wa kufyatua, na uzito huo ndio tunaoutafuta.

Mtoto akilia mbele ya mnyama aliyekufa hajashindwa. Mpe muda, mkae wote pale, asiharakishwe kupigwa picha. Anayenitia wasiwasi ni yule anayecheka na kumpiga teke. Huyo namrudisha kwenye mikono mitupu kwa muda mrefu, na tunazungumza.

Niliposema kuishusha bunduki nilikuwa na jambo mahususi akilini. Tulikuwa tumemvizia paa dume, binti yangu amelala kifudifudi na mtutu umeegemea begi, mimi ubavuni pake. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemwekea risasi moja. Paa akasimama ubavu wazi, juu ya mgongo wa kilima, nyuma yake anga tupu. Nilikwisha kuona, nikanyamaza, mkono wangu ukiwa karibu na bunduki. Akalenga, pumzi zikamtulia, kidole hakikuingia. Kisha akasogeza kizuizi cha usalama kilikotoka na kuninong'oneza, "Baba, nyuma yake sioni kitu." Paa akashuka upande wa pili, hatukumwona tena. Sikuwa na shaka naye tangu hapo. Kaka yake alihitaji msimu mwingine zaidi. Alikuwa na shabaha nzuri kumshinda, ila macho yake yakishamshika mnyama hayakuona kingine chochote.

Akishafika hapo, mfanyie wepesi. Risasi moja tu katika chumba cha bunduki, umbali mfupi kuliko ule anaopatia kwenye mazoezi, mnyama aliyesimama, mtutu uwe umeegemea kitu, na wewe usishike bunduki yako siku hiyo. Umbali wa kugusana bega. Mnyama akipigwa akakimbia, mzuie mtoto asimfuate. Mketi nusu saa au zaidi, mkiwa mmeweka alama mahali alipokuwa amesimama, kwa sababu anayefukuzwa mapema huenda mbali sana, ilhali anayeachwa hulala karibu. Halafu mtoto ndiye atangulie kufuata damu, tone kwa tone, hata jioni ikiwafika. Kumtafuta mpaka mwisho ni deni lake, na wewe umsaidie kulilipa.

Nyama pia ina neno. Risasi ya madini ya risasi hutawanya vipande vidogo visivyoonekana mbali na jeraha, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaodhurika zaidi ni watoto, hasa ubongo wao. Nikiwinda na watoto natumia risasi za shaba. Ukizikosa hizo, kata na utupe nyama nyingi kuzunguka jeraha, usiionee huruma.

Kuna mtoto ambaye hatataka kabisa. Muulize mara moja kila msimu, kwa upole, na jibu lake liheshimiwe. Wapo wanaopenda nyayo na hawapendi kupiga, na hao ni wenza wazuri mno porini.

Na kwa yule aliyeiva, usije ukadhani kuiva kwake porini kunabadilisha utaratibu wa nyumbani. Bunduki ifungiwe, risasi zifungiwe mahali pengine, ufunguo ukae kwako. Yeye amekuonyesha anachoweza akiwa nawe ubavuni. Rafiki zake watakaokuja kumtembelea hawajakuonyesha lolote.