Kwa nini nimeuza saa za majina makubwa nikafuata za mafundi huru wa mwanzo

Msomaji mmoja kaniandikia juzi, anasema kaka, nafuatilia sana makala zako ila hili la juzi sijalielewa, inakuwaje mtu unauza saa ambazo kila mtu anazijua unanunua ya fundi ambaye ukimtaja mbele za watu hakuna anayegeuka? Nikaona nisimjibu peke yake, maana najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyohiyo, mnataka siku moja muwe na saa ya kweli kabisa, na swali lake ndilo mnaloulizwa nyumbani.

Saa yenyewe imeshafika. Ni Daniel Roth, yani ya fundi huru wa jina hilo, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kronografu (saa yenye kitufe cha kupimia muda) ya kutia ufunguo, ganda lile lake ambalo si duara wala si mstatili, pande zimenyooka, juu na chini kumeviringa. Ndugu yangu mmoja kaiona akauliza kama imebonyea. Sikumjibu, nikampa lenzi.

Ila ili muelewe inabidi nirudi nyuma kidogo. Desemba 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwazi, yani ya betri, kuuzwa madukani, na baada ya hapo saa za betri zikaja kwa wingi, bei ikashuka, Uswisi ikaumia vibaya. Viwanda vya saa kule vilikuwa na wafanyakazi karibu 90,000 mwaka 1970, kufika katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000 na kidogo. Mashine zinauzwa kama chuma chakavu, mafundi wanarudi nyumbani. Sasa kipindi hichohicho ambacho kila mwenye hesabu zake anakimbia, kuna watu wachache wanafanya kinyume kabisa. George Daniels, fundi Mwingereza, yuko kisiwa cha Isle of Man anatengeneza saa nzima mwenyewe, ganda, uso, mishale, magurudumu, na katikati ya yote hayo anabuni eskepimenti ya co-axial, yani ule mtambo unaoachia nguvu ya springi kidogokidogo, ila wake haukwaruzani sana kwa hiyo hautegemei mafuta kama ule wa kawaida. Aliwazungukia wenye viwanda miaka na miaka, Omega wakaja kuuingiza sokoni 1999. Mwaka 1985 Svend Andersen na Vincent Calabrese wakaanzisha AHCI, chama cha mafundi huru, ili watu wa namna hii wapate hata pa kuonyesha kazi zao.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Hawa watu hawakuwa na soko. Hakuna aliyekuwa amewaahidi kitu. Kwa hiyo kila unachokiona ndani ya saa zao za mwanzo kimewekwa kwa sababu fundi aliamini kinatakiwa kuwepo, si kwa sababu kikao cha mauzo kimesema.

Chukua François-Paul Journe. Kijana wa Marseille, kajifunzia Paris kwa mjomba wake kutengeneza saa za kale, saa ya mkono ya turubiyoni, yani yenye kizimba kidogo kinachozungusha moyo wa saa ili mvutano wa dunia usiipoteze muda, akaimaliza 1991, ila jina lake limeingia sokoni rasmi 1999. Na hela ya kuanzia aliipataje? Watu 20 walimlipa sehemu ya bei kabla saa hazijatengenezwa, ndiyo zile wanaziita Souscription. Mwaka uliofuata akatoa Résonance, balansi mbili, yale magurudumu yanayoyumba huku na huku kupima muda, ziko jirani, hakuna kitu kinachoziunganisha zaidi ya bamba zilipofungwa, na bado zinavutana mpaka zinapiga kwa pamoja. Huygens aliliona jambo hilo kwenye saa za ukutani tangu 1665, Journe akalileta kwenye mkono wa mtu!

Mashine za saa zake, yani mtambo wa ndani, mpaka 2004 zilikuwa za shaba, baadaye akahamia dhahabu. Na hapa lazima niseme kitu ambacho bado kinaniuma. Miaka ile nilikuwa na kiu sana na saa hizo, nikaingia kwa muuzaji mmoja, jina lake sitalitaja, nikaomba niishike tu moja. Akanitazama kuanzia viatu, akasema mbele ya wateja wengine, hizo ni shaba tu, ukiwa na hela njoo uchukue za dhahabu. Watu wakacheka. Leo hizohizo za shaba ndizo watu wanazigombania, na kwenye mnada wa Geneva mwaka 2024 moja ya turubiyoni zake za mwanzo kabisa imepita faranga milioni 7 za Uswisi. Muuzaji yule sasa hivi anazitangaza kila wiki na maneno matamu. Mimi sijawahi kurudi kwake na sitarudi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, tazama mashine. Usianze na jina wala bei, tazama mashine. Nilijifunza hili kwenye saa ya Philippe Dufour, yule mzee wa Vallée de Joux, bonde la mafundi saa kule Uswisi, aliyetoa saa ya mkono ya kupiga kengele za saa na robo 1992, halafu mwaka 2000 akatoa Simplicity, mishale mitatu basi, milimita 34 au 37, zimetoka kama 200 tu na wateja wengi wa mwanzo walikuwa Wajapani. Kwenye mashine yake kingo zote zimechongwa mshazari na kung'arishwa kwa mkono, ila wewe nenda moja kwa moja kwenye pembe za ndani, pale kingo mbili zinapokutana kwenda ndani. Kifaa cha kukatia cha kiwandani kinaacha mviringo pale. Mkono wa fundi unaacha ncha kali kama jani. Dufour anamalizia kwa kipande cha shina la jenshiani, mmea wa milimani, na ukishaiona pembe hiyo mara moja basi huwezi tena kudanganywa na mng'aro.

Yangu ya Roth si ya kiwango hicho na sihitaji iwe. Mashine yake ya msingi imetoka Lemania, kiwanda cha Uswisi cha mashine za saa, ukoo uleule ambao majina makubwa kama Patek Philippe na Vacheron Constantin waliwahi kujengea kronografu zao. Nilimwomba fundi aifungue nyuma, nikabonyeza kitufe nikiwa na lenzi jichoni: gurudumu la nguzo, lile linaloamuru kuanza na kusimama, linageuka hatua moja, ncha ya mkono wa chuma inadondoka kati ya nguzo mbili, gurudumu dogo linasogea pembeni mpaka meno yanashikana na mshale wa sekunde unaondoka bila kuruka. Nimebonyeza mpaka fundi akaniomba nimwachie kiti.

Pili, jua nani ataitengeneza. Hili watu hawalipendi kwa sababu halina raha. Fundi huru akistaafu au akifa, kipuri alichokichonga mwenyewe hakipo popote duniani, na Bulgari, kampuni ya vito ya Italia, walipochukua jina la Roth mwaka 2000 mambo mengi yalibadilika. Mimi nilifuata ya Lemania kwa sababu mafundi wanaoijua wapo.

Tatu narudia, tazama mashine. Vijana mnanunua kwa sababu bei imepaa, mnasubiri ipae tena, hata mgongo wa saa hamjageuza. Bei ilishashuka kwa watu wengi. Ukinunua kitu unachokipenda kukitazama, bei ikishuka bado unacho.

Na wewe uliyeniandikia, ile saa uliyonitumia picha, uso wake naona ni safi mno kwa umri wake na maandishi ya chini yamenenepa, kuna uwezekano umepakwa upya. Usitume hela. Mwambie muuzaji akupe picha ya mashine ikiwa wazi, na namba ya kwenye ganda ilingane na ya kwenye cheti. Akianza kuzunguka, mwache. Akileta picha, nitumie nikuangalizie zile pembe.