Mtoto anakata maboksi kwa wembe, nimpe nini?

SWALI: Habari za kazi dada. Mwanangu yupo darasa la 3 huku Igoma, shuleni wameambiwa watengeneze daraja la Kigongo–Busisi kwa maboksi, sasa yeye kila kitu anakata kwa wembe, jana nimemkuta kauvunja katikati kashika nusu kwa vidole! Baba yake anasema tumnunulie kile kisu cha kusukuma pale Makoroboi, mi naogopa. Nishauri. – Mama wa Igoma

JIBU: Una haki ya kuogopa dada. Huo wembe uchukue leo leo, hauna pa kushika na boksi likikaza unapinda, unateleza, mtoto bado anasukuma.

Kisu cha kusukuma kinunueni tu ila kiwe cha baba. Yeye ndo akate vile vigumu, atumie rula ya chuma maana ya plastiki kisu kinaipanda, atoe ncha kidogo, apitishe mara tatu nne kwa mkono mwepesi, sio kukandamiza mara moja. Kikiwa butu avunje kile kipande cha mbele cha makali, pale penye mstari, kwa koleo, butu ndo inajeruhi kwa sababu unatumia nguvu nyingi.

Mtoto mpe mkasi wa ncha ya duara, lakini makali yawe chuma. Ile ya plastiki tupu haikati, inatafuna tu, mtoto atakasirika arudi kwenye wembe.

Ila kwa mtazamo wangu tatizo lenu hasa ni boksi. Boksi la TV kwa mkasi wa mtoto ni kumtesa bure! Mpe ya biskuti, majani ya chai, dawa ya meno, na nguzo aweke yale marolo ya toilet pepa. Daraja lenyewe lina kilomita kama 3, lenu ni la mezani, halihitaji boksi la friji. Mkilazimika kutumia nene, angalieni yale mawimbi ya ndani, kukata kwa kuyafuata ni rahisi, kuyakatiza ndo kazi, hapo mwachie baba. Pa kukunja wala pasikatwe, apige mstari kwa peni iliyoisha wino huku anakandamiza, litakunjika lenyewe.

Na zile nyaya za daraja weka uzi wa kushonea. Matundu atoboe kwa penseli, boksi likiwa juu ya kipande cha sponji la godoro, asiweke kiganja chini kabisa, watoto wanapenda sana kushika hivyo.