Mwanangu, kabla hujasimama MCA

Juzi usiku simu iliingia ujumbe: "Shikamoo Mheshimiwa. Nina miaka 29, ni mwalimu wadi jirani na yenu. 2027 nataka kusimama MCA. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Kiti hicho cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti hapa Kenya, nilikikalia. Tangu Agosti 2022 wanaoniita Mheshimiwa nawahesabu kwa vidole, kwa hiyo jibu lako limekuwa refu hadi nikaona niliweke hapa na wengine wasome. Najua mko wengi. Ugonjwa wetu ni mmoja: tukiona kisima kimekauka, tunaamini sisi tungekuwa kule bungeni kingetoa maji.

Mchujo wa chama na kampeni za 2017 sizisimulii. Zilikula ekari moja ya minazi aliyoniachia marehemu baba, nikashinda, basi.

Novemba ya mwaka huo nilitoa hoja yangu ya kwanza katika bunge la kaunti. Kuna kijiji cha mwisho wadini kwetu ambako watoto wa chekechea walisomea chini ya mwembe. Nilizungumza dakika kumi, wenzangu wakagonga meza, hoja ikapita bila mpinzani, ikaandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge. Nilirudi nyumbani kwa vigelegele. Mwaka ukapita, watoto wangali chini ya mwembe. Nikamfuata karani mmoja wa kamati, mtu mzima, akanitazama kwa huruma. "Mheshimiwa, hoja haina hela. Hela ziko kwenye makadirio."

Hapo ndipo nilipokwenda shule. Serikali ya kaunti hutakiwa kisheria kuleta bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na Juni 30 iwe imeshapitishwa. Mradi usiokuwemo kwenye mpango wa Septemba, Aprili utauombea kwa mlango gani? Mimi nilipiga kelele Novemba! Niliomba niingie kamati ya bajeti, nikakesha na yale makaratasi, na 2020 madarasa mawili yakasimama, mabati na sakafu ya saruji. Najisifu, ndiyo. Niacheni nijisifu.

Basi jifunze kalenda.

Lakini kalenda haikuniokoa. Saa kumi na mbili asubuhi barazani kwangu palikuwa na watu ishirini, siku nyingine thelathini. Karo ya sekondari, deni la hospitali, sanda, kijana kashikwa na polisi. Katiba ya 2010 imegawa kazi: shule za msingi na sekondari na polisi ni za serikali ya kitaifa, kaunti ina chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati, masoko, barabara za kaunti. Fungu la NG-CDF, pesa za maendeleo kutoka serikali ya kitaifa, lilikuwa la eneo bunge, huko kwa mbunge. Utekelezaji wa kaunti uko kwa gavana. MCA ana kura yake na mdomo wake. Ningewaambia hivyo siku ya kwanza, wangenuna wiki moja. Badala yake nilisema "nitaona", nikatoa mfukoni, kesho yake wakaja arubaini. Neno "nitaona" lilinimaliza kuliko mpinzani yeyote.

Na kuna jingine wasilolisema majukwaani. Asubuhi unabisha mlango wa waziri wa kaunti kuomba greda, mchana unamketisha mbele ya kamati umuulize hesabu zake. Mara moja nilimbana kweli. Greda haikukanyaga wadini kwetu miezi minane, na wananchi waliniuliza mimi, hawakumuuliza yeye.

Kwa hiyo ninyi vijana, semeni ukweli mapema. Usiahidi pesa usiyokuwa nayo. Usiseme "nitaona". Na wewe mwalimu, kama umeajiriwa na serikali, sheria inakutaka ujiuzulu miezi sita kabla. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, basi hesabu Februari mwanzoni uwe huna mshahara, na uulize nyumbani kama wako tayari. Mimi sikuuliza. Na kalenda, narudia, ijue kalenda.

2022 nilishindwa kwa kura 212. Aliyenishinda hakuwahi kunitajia bajeti hata siku moja, ila hakuna matanga aliyoyakosa. Kwenye ukuta wa yale madarasa wazazi walikuwa wameandika jina langu kwa rangi ya buluu. Wiki mbili baada ya matokeo likapakwa chokaa, na sikuuliza ni nani. Mwalimu wa pale huniambia mvua ikinyesha ukuta ukalowa, herufi huonekana tena, na watoto huzitumia kujifunza kusoma.