Binti yangu, usiache mazoezi

Juzi binti mmoja wa Temeke aliniandikia: "Shikamoo mama. Kaka yangu amefariki, mashindano ni mwezi ujao, na nyumbani wanasema nikienda uwanjani sina uchungu naye. Nifanye nini?"

Marahaba mwanangu. Pole sana. Maneno hayo niliambiwa na mimi mwaka 1979, nikiwa na miaka 17, na mpaka leo yananiuma.

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha mbio, pale Keko. Saa hatukuwa nayo. Aliegemea mlango wa uani, mimi natoka mbio hadi bombani na kurudi, yeye anahesabu kwa sauti: thelathini na nane, thelathini na tisa… Nikilegea ananitajia Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza tangu mwanzo. "Usingoje mtu!" Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978, kaka akaenda vitani. Kampala ilipotekwa Aprili 11, 1979, mtaa mzima ulishangilia. Sisi tulikuwa matanga. Alizikwa Kaboya, Muleba. Mama hakupata hata kumtupia udongo.

Miezi mitatu baadaye nilikimbia tena hadi bombani. Nilipogeuka kurudi, hapakuwa na namba. Nilikaa palepale kwenye tope, katikati ya ndoo za watu, nikalia kilio nilichokibana tangu barua ilipofika. Ndugu mmoja akasema nacheza juu ya kaburi la kaka. Kesho yake nikarudi, nikajihesabia mwenyewe.

Mashindano ya shule yakaja, Uwanja wa Taifa, huu tunaouita Uhuru sasa. Mita 800. Ilikuwa miaka ya kufunga mikanda, hata sabuni kwa foleni, nilikimbia peku. Mzunguko wa pili nilihesabu kwa sauti, wenzangu wakanishangaa. Nilishinda. Nalisema kwa fahari: nilishinda! Mama alinifuta vumbi miguuni kwa khanga yake, hakusema neno.

Kwa hiyo nenda mazoezini. Lia kabla, lia baada, lakini nenda. Kula hata kama chakula hakipiti. Nenda. Nanyi wazazi mnaosema msichana akikimbia amemsahau marehemu, muogopeni Mungu. Mna mtoto mmoja kaburini, msimzike na wa pili akiwa hai.

Na utafute mtu wa kukuhesabia. Simu inahesabu, najua, ila haitakuita jina.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Coco Beach. Njoo, nitakuhesabia.