Barua kwa mwanangu: uingie mtihani au uahirishe?

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeupata, ule ulioutuma saa nane usiku. Hilo la saa nane usiku nitalirudia. Unasema mitihani ya kumaliza chuo imebakiza wiki tano, paja lina chuma, unatembelea magongo, na wenzako wanakwambia ukiahirisha watavaa majoho wakuache. Mjomba wako anasema ukaze. Ukamalizia hivi: "Mama, wewe umestaafu ukitokea wodi ya mifupa. Niambie ukweli, niingie au nisiingie?"

Nitakujibu kama mama na kama nesi. Pale wawili hao watakapogombana nitakwambia.

Mguu kwanza, maana ndio unaotazamwa na kila anayekuja kukupa pole. Kwa mtihani huu mguu si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Sisi tulipoanza kazi, paja likivunjika lilivutwa: msumari unapitishwa kwenye mfupa chini ya goti, unafungwa kamba, kamba inapita kwenye kapi mwisho wa kitanda, uzito unaning'inia. Mgonjwa analala chali miezi miwili, mitatu. Wewe umewekewa chuma ndani ya mfupa na siku chache baadaye ukasimamishwa. Usidanganyike kwamba umepona. Mfupa wa paja kwa mtu mzima unataka miezi minne mpaka sita kuunga sawasawa, na chuma kazi yake ni kuushikilia tu. Lakini kukaa kitini ukaandika, unaweza.

Kuna binti wa kidato cha nne ambaye manesi wa zamani tukikutana lazima tumtaje. Novemba ilimkuta kitandani, mguu umevutwa. Walimu wake walifuatilia, mtihani ukaletwa wodini. Tulimhamishia chumba cha pembeni, msimamizi akakaa kwenye stuli, askari akasimama mlangoni, wagonjwa wa jirani wakaombwa wazime redio. Tukadhani tumeandaa kila kitu. Muda si muda binti anaita: kalamu haiandiki. Akapewa nyingine, nayo vilevile. Kumbe ukilala chali ukaandika kwenye ubao ulioinuliwa mbele ya uso, wino wa bolpeni haushuki. Ikabidi daktari aitwe aruhusu kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo, tukamshindilia mito mgongoni, ubao ukalala tumboni, akaendelea. Dawa kali ya maumivu aliikataa mpaka karatasi ikusanywe. Asubuhi alimeza panadoli tu, kwa sababu ile nyingine ilikuwa inamlaza. Alipata daraja gani sikujua, aliruhusiwa kabla ya matokeo kutoka.

Sikusimulii ili umuige. Yule alivunjika mfupa, kichwa kilikuwa kizima. Wewe kuna mstari mmoja umeuandika ukaupitisha haraka: kwamba unasoma ukurasa mzima, ukifika chini hujui umesoma nini, mchana unasinzia na usiku uko macho. Mstari huo ndio ulioninyima usingizi.

Anza na damu. Paja likivunjika, damu inavujia ndani ya nyama, inaweza kufika lita moja na nusu, na nje usione hata tone. Mtu mzima ana kama lita tano tu. Kisha juu yake ukapasuliwa. Mwenye upungufu wa damu anachoka kwa kupiga mswaki, akipanda ngazi moyo unamwenda mbio, akifungua daftari macho yanafumba, na watu wa nyumbani wanasema ni uvivu. Angalia kadi uliyopewa ulipotoka hospitali kama wameandika kiwango cha damu, halafu kesho nenda kapime upya. Hata zahanati wanapima, na majibu hayachukui muda.

Ikionekana iko chini watakupa vidonge vya madini ya chuma, na hapo ndipo nina ugomvi na nyumba ya mjomba wako. Chai! Pale chai iko asubuhi, mchana na usiku, kila sahani inasindikizwa na kikombe. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, ya kwenye chakula na ya kwenye kidonge. Kunywa, lakini uache saa moja au mbili zipite baada ya kula. Matembele, maharage na dagaa vikamulie ndimu, inasaidia. Makongoro anayokuchemshia mkaza mjomba yapokee kwa mikono miwili, ni matamu na yamepikwa kwa mapenzi, ila usiyahesabu kuwa ndiyo yanayounga mfupa.

Dawa nazo. Tramadoli unayomeza inatuliza maumivu kweli, lakini inaleta usingizi, kizunguzungu na choo kigumu. Usiiache ghafla kwa kujiamulia mwenyewe. Siku ya kliniki mwambie daktari waziwazi: nina mitihani, hii dawa inanilaza, kuna namna ya kuipunguza mchana? Madaktari wengi hawajui kama mgonjwa wao ni mwanafunzi mpaka aseme.

Sasa kichwa chenyewe. Ulinisimulia ajali yote, bodaboda ilivyokatishwa na gari pale njia panda, halafu ukasema kilichofuata unakumbuka uko kwenye machela. Hapo katikati pako wapi? Helmeti ulikuwa nayo na namshukuru Mungu, lakini helmeti inazuia fuvu lisipasuke, haizuii ubongo kutikisika ndani yake. Mtu asiyekumbuka kipande cha ajali, anayeumwa kichwa akisoma, anayekerwa na mwanga, usingizi umegeuka na hasira ziko karibu, huyo nesi yeyote atakwambia arudi akaangaliwe. Hospitalini paja lilikuwa linapiga kelele kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo waliliwahi hilo. Kliniki ijayo uyataje haya kabla hujavua suruali kuonyesha kidonda.

Wengi wanaotikisika ubongo hupona ndani ya wiki kadhaa. Kinachowachelewesha ni kujilazimisha. Soma dakika ishirini, simama, tembea na magongo mpaka mlangoni, rudi. Kichwa kikianza kuuma, funga daftari siku hiyo, usishindane nacho. Simu saa nane usiku nakukataza kama mama na kama nesi, hapo hatujagombana. Na ukitapika mara kwa mara, au kichwa kikazidi kuuma siku hadi siku, au mkono mmoja ukalegea, usingoje kliniki wala usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari ya kuingia au kutoingia. Nataka ujipime. Jumamosi ya wiki ijayo chukua pasti pepa ya somo lako gumu, nadhani ni lile la ukaguzi wa hesabu, ukae mezani saa tatu kamili. Usikae kitandani. Mguu uweke kwenye stuli, na kifundo ukichezeshe muda wote, juu chini, maana aliyevunjika paja akikaa muda mrefu bila kutikisika damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, hiyo ni ya kukimbilia hospitali hata kama uko katikati ya swali. Binamu yako akusimamie, yule hana huruma. Ukimaliza mpe mwenzako mmoja mwenye akili asahihishe bila kumwambia ni ya nani.

Ukifika mwisho na majibu yanaeleweka, ingia. Ukikwama saa ya pili kichwa kinagonga, umeshajijibu, na hakuna wa kukuita mwoga.

Mjomba wako amenitumia ujumbe wa sauti kuhusu John Stephen Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa Tanzania. Nani asiyemjua? Olimpiki ya Mexico, 1968, goti limefungwa bandeji, wakimbiaji 75 walianza marathoni, yeye akawa wa 57 na wa mwisho kumaliza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Habari ile hata mimi hunitoa machozi. Lakini kuna kipande ambacho mjomba hakukiweka kwenye sauti yake. Mwaka 1970, Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Akhwari yuleyule alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15, akawa wa tano. Uwanja wa Mexico ulimpigia makofi anachechemea. Chuo hakina makofi, kina alama, na alama hizo utatembea nazo kuombea kazi. Mimi nakutakia ya Edinburgh.

Huku unajipima, karatasi zianze kutembea leo, maana hapa ndipo vijana wengi hupotelea. Kuna kuahirisha mitihani na kuna kuahirisha mwaka. Wenzako wanavichanganya. Ukiahirisha mitihani kwa sababu ya ugonjwa na chuo kikakubali, kwa kawaida unaifanya kama mitihani maalumu kipindi kile wenzako waliofeli wanaporudi kufanya sapu, na inahesabiwa kuwa ndiyo mara yako ya kwanza. Hiyo si sapu, na alama yako haiwekewi kikomo kama ya sapu. Kuahirisha mwaka ni jambo jingine, linagusa mpaka Bodi ya Mikopo, na bumu la kujikimu linasimama. Hilo la pili hujafikia, usikubali mtu akutishe nalo.

Lakini ombi liende kabla ya mtihani, na ripoti ya daktari yenye mhuri. Asiyetokea kimya kimya huandikwa mtoro wa mtihani, na adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa chuo. Na aliyeingia, akasaini, akaandika, ikifika wakati wa matokeo akasema alikuwa mgonjwa, nani atamsikiliza? Kwa hiyo nenda kwa mratibu wa mitihani wa idara yako wiki hii. Usiende kwa simu. Nenda na magongo yako, akuone. Muulize tarehe ya mwisho ya kuomba, ukifanya maalumu matokeo yatawahi mahafali ya mwaka huu au hayatawahi, na kama inawezekana kufanya baadhi ya masomo sasa na mengine baadaye. Chochote atakachokujibu mwombe akiandike.

Muulize pia watakusaidia nini ukiamua kuingia: chumba cha chini kisicho na ngazi, meza yenye nafasi ya kunyoosha mguu, ruhusa ya kusimama, muda wa nyongeza. Huku chini kwenye mitihani ya taifa, Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Chuo kina kanuni zake, lakini hata huko anayepewa ni aliyeomba. Wewe tangu mdogo huombi. Ulikuwa unakaa na kiu mpaka mtu akuone umekauka midomo. Safari hii omba.

Umetaka ukweli, nami nakupa. Kwa ulivyojieleza, leo hii ningekwambia usiingie. Nadhani utaahirisha mitihani, utaifanya damu ikiwa imepanda na usingizi umerudi mahali pake, na utapata alama zako halisi. Lakini vipimo na ile Jumamosi vinaweza kunipinga, na vikinipinga nitafurahi.

Habari ya kuachwa sina maneno mengi. Wataondoka, watapiga picha, itauma wiki moja. Miaka miwili mbele hakuna mwajiri atakayekuuliza ulivaa joho lini.

Hapa sasa ndipo mama na nesi wamegombana. Mama anataka upande basi uje Korogwe nikuone kwa macho yangu, ulale kwenye chumba chako, nikupikie. Nesi anasema saa nyingi kwenye kiti cha basi na paja hilo hapana, na kliniki yako na mtu wa mazoezi wako Dar. Nesi ameshinda, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekuja, mwisho wa mwezi, baada ya kuvuna mahindi. Mwambie mkaza mjomba asihangaike na kitanda, nitalala na watoto.

Mazoezi usiyaache hata siku unayosoma. Goti likikakamaa sasa, kulikunjua baadaye ni kilio. Sigara sikuulizi kama unavuta, nakwambia tu kwamba inachelewesha mfupa kuunga.

Nimempa kondakta wa basi la Alhamisi mfuko: dagaa, maharage, ndimu za hapa nyumbani na daftari kubwa la kuandikia saa unazosoma na saa kichwa kinapouma. Daktari akikuuliza "inauma lini?" ufungue daftari, usianze kukisia. Na majibu ya damu yakitoka nitumie picha ya karatasi yenyewe. Usiniandikie "iko poa tu mama."

Mama yako