Ukitaka siasa za Minnesota, anza na milango ya mtaa wako

Mara kwa mara napigiwa simu na Mkenya mwenzangu wa huku Minnesota akiniambia, "Ndugu, na mimi nataka kuingia siasa." Namuuliza: mbunge wako katika bunge la jimbo hili la Minnesota ni nani? Kimya. Rais atakutajia, gavana atakutajia, na mwakilishi wadi wa kijijini kwao atakutajia pamoja na kashfa zake zote. Lakini mbunge aliyepiga kura ili watoto wetu wale bure shuleni, hamjui hata kwa sura.

Mimi si mtaalamu wa siasa. Ni mlezi wa wazee, nafanya zamu ya usiku, na nimejitolea katika kampeni mbili za bunge la jimbo huku kaskazini magharibi mwa Minneapolis. Moja tulishindwa vibaya, nyingine tukashinda. Ile ya kushindwa ndiyo iliyonifundisha, basi niisimulie hiyo.

Kosa letu lilianzia kanisani. Mgombea alisimamishwa mbele, akaombewa, watu wakapiga vigelegele, baadaye tukashushia pilau. Nilihesabu vichwa 120 hivi, nikarudi nyumbani nikijiambia kazi imekwisha. Wiki iliyofuata dada mmoja mwenye akili kuliko sisi sote alichukua orodha ya anwani akaanza kuzilinganisha na ramani. Waliokuwa ndani ya mipaka ya kiti chetu walikuwa tisa. Tisa! Wengine walikuwa wanaendesha gari kutoka miji mingine kuja ibada ya Kiswahili.

Bunge la wawakilishi la Minnesota lina viti 134, na kila kiti kina watu takriban 42,000. Viti viwili, A na B, vikiunganishwa vinakuwa kiti kimoja cha seneti, ndiyo maana maseneta wa jimbo ni 67. Mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, jirani yako wa ng'ambo akawa na mbunge mwingine. Huku huna "ngome" ya kabila wala ya kanisa. Una mitaa, na mitaa ina watu wa kila aina: Mliberia, Mhmong mwenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, Msomali, mzee wa Kinorwe aliyekaa nyumba hiyo hiyo miaka 40. Ukisema utashinda kwa kura za Wakenya peke yake, chukua kalamu uhesabu kwanza.

Kosa la pili lilikuwa kuamka Julai. Huku mambo huanza theluji ikiwa bado magotini. Februari ya mwaka wa uchaguzi vyama hufanya mikutano ya mitaa, wanaiita kokasi, na mara nyingi chumba huwa na watu kumi au kumi na watano. Hapo ndipo wajumbe wanapochaguliwa, na wajumbe hao ndio baadaye watakaompa mgombea muhuri wa chama. Kwa DFL, chama cha Democratic cha huku, anahitaji asilimia 60 yao. Mimi nilidhani kokasi ni mkutano wa wakubwa. Nilipokwenda hatimaye, nilikuta walimu wastaafu na sahani ya biskuti, na ndani ya nusu saa nilikuwa mjumbe, kwa sababu hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Mgombea asiyepata muhuri bado anaweza kwenda kwenye kura ya mchujo ya Agosti, lakini atakuwa anapanda mlima na mzigo kichwani.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu, maana ndilo swali la kwanza la kila anayenipigia. Ada ya kuchukua fomu ya kuwania ubunge wa jimbo ni dola 100. Hakuna helikopta, hakuna fulana za kugawa kwenye lori, na kumpa mtu chochote ili apige kura ni kosa la jinai. Huku unagharimika viatu.

Sasa tukishindwa huwa tunasema nini? "Wametuonea." Nilisema hivyo mimi pia usiku ule. Kisha nikaanza kufuatilia historia ya Melissa Hortman, aliyekuwa akiwakilisha sehemu ya Brooklyn Park, mji ambao Waafrika wengi tunaishi. Aligombea mwaka 1998, akaanguka. Akarudi 2002, akaanguka tena. Akarudi 2004, akashinda, na baada ya hapo hakuondolewa tena katika uchaguzi wowote. Mwaka 2019 akawa Spika. Mwaka 2023, chama chake kikiwa na viti 70 kati ya 134 na seneti yenye ziada ya kiti kimoja tu, walipitisha chakula cha bure shuleni, likizo ya malipo ya kuuguza familia, na leseni ya udereva bila kujali karatasi za uhamiaji. Wako watu ninaofanya nao kazi ambao leo hawashtuki wakiona taa za polisi kwenye kioo cha nyuma kwa sababu ya sheria hiyo. Hawakujua imetoka wapi.

Na wa kwetu? Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliwania useneti wa jimbo mwaka 2022 akakosa, akarudi Novemba 2024 akachukua kiti cha 38A. Hesabu hiyo miaka miwili ya katikati. Watu walipiga picha naye siku ya kushinda. Ningependa kujua ni wangapi waliojitokeza 2023, wakati hakuna kamera.

Usiniambie kura yako moja haina uzito. Uchaguzi ule wa 2024 ulitoka sare, 67 kwa 67, bunge zima la wawakilishi. Kiti cha Shakopee kilipatikana kwa tofauti ya kura 15 baada ya kuhesabiwa upya. Kura 15 ni matatu moja ya abiria 14 na makanga akining'inia mlangoni. Na sare ina bei yake. Juni 9, 2025, ili bajeti ipite na serikali isifungwe, bunge lilipiga kura kuwaondoa watu wazima wasio na karatasi kwenye bima ya afya ya MinnesotaCare. Ilipita 68 kwa 65, na Mdemocrat pekee wa bunge lile aliyesema ndiyo alikuwa Hortman, kwa sababu alikuwa ametoa neno lake katika mapatano. Mimi niliumia. Nina jamaa aliyeguswa na kura hiyo moja kwa moja. Lakini ukiingia siasa hizi ujue hivyo ndivyo zilivyo: mtu aliyekupa kwa mkono wa kulia anaweza kulazimika kukunyang'anya kwa wa kushoto.

Hapa nisimame kidogo kwa jambo la hatari kuliko yote. Kama hujawa raia, usijiandikishe kupiga kura, usipige kura, usitie sahihi kwenye kikaratasi chochote cha usajili hata kama aliyekupa anatabasamu na kusema "ni sawa tu". Unaweza kupoteza kila kitu ulichokijenga huku, hata kwa kosa la kutoelewa. Nimewahi kumnyang'anya kijana kalamu mkononi sokoni, akanikasirikia, mama yake akanishukuru baadaye. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, ana nafasi yake: anaweza kujitolea, kupiga simu, kugonga milango, hata kuchangia mgombea pesa zake mwenyewe. Asiye na grinikadi asitoe hata dola.

Kwa walio raia na wanaolia kwamba zamu zenye urefu wa saa kumi na mbili haziwaruhusu: upigaji wa mapema huanza siku 46 kabla ya uchaguzi. Siku yenyewe, sheria inamlazimu mwajiri akupe muda wa kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara. Hujajiandikisha? Unajiandikisha pale pale kituoni. Huna hati ya anwani? Mpiga kura aliyesajiliwa wa eneo lako la kura anaweza kukushuhudia kwamba unaishi hapo, na mtu mmoja huruhusiwa kuwashuhudia hadi wanane. Mwaka ule tulioshinda, shangazi mmoja wa jengo letu aliwashuhudia wanne, akarudi nyumbani akalala, maana alikuwa ametoka kazini asubuhi.

Fleti ndiko tuliko wengi wetu, na ndiko kampeni nyingi zisikofika, kwa sababu mlango wa chini umefungwa. Watu hawajui kwamba sheria ya Minnesota inampa mgombea aliyechukua fomu haki ya kuingia kwenye majengo hayo kuomba kura, na wanaojitolea wakiwa pamoja naye. Chukua nakala ya sheria mfukoni. Meneja wa jengo moja alitufukuza mara mbili. Mara ya tatu tulimwonyesha karatasi, akasoma, akatufungulia bila neno.

Juni 14, 2025, siku tano baada ya kura ile ya bima, Melissa Hortman na mumewe Mark waliuawa nyumbani kwao Brooklyn Park na mtu aliyegonga mlango amevaa kama polisi. Usiku huo huo seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi kule Champlin, wakapona. Sisi tuliokuwa tukiishi karibu tuliambiwa tusimfungulie mtu.

Tangu hapo mafunzo ninayowapa vijana yamebadilika. Usiende peke yako. Usiende giza likiingia. Vaa kadi yenye jina lako na la mgombea kifuani, si mfukoni. Ukishagonga, rudi nyuma hatua tatu, shuka ngazi kama ipo, simama pale kamera ya kengele inapokuona mwili mzima, mikono iwe mbele na vipeperushi vikionekana. Halafu subiri. Mama mmoja alizungumza nami dakika kumi na tano kupitia kengele ile bila kufungua mlango. Aliuliza juu ya kodi ya nyumba, juu ya shule, mwishoni akauliza mimi natoka wapi. Nikamwambia Kisii. Akasema niache karatasi kwenye sanduku la barua, ataisoma.