Mwanangu, Kabla Hujanunua Kando ya Ziwa Naivasha

South B, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na mchoro wa ploti mliotumiwa na wakala nimeuangalia kwa makini. Umeniuliza mambo mawili: kama ile ardhi iliyo chini ya bikoni (zile alama za mpaka wa ploti), inayoteremka hadi majini, itakuwa yenu mkishamaliza kulipa, na kwa nini kikundi cha majirani kinadai ada ya mwaka ilhali kila mtu ana ua wake. La kwanza jibu lake ni hapana, haitakuwa yenu, ingawa mtatakiwa kuitunza. La pili linazaliwa na hilo la kwanza, kwa hiyo niruhusu nianzie kwenye mpaka.

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Linaingiwa na mito ya Malewa na Gilgil kutoka upande wa kaskazini, na maji yake hupotelea chini kwa chini, ndiyo maana yamebaki matamu wakati maziwa jirani ya Nakuru na Elementaita yana magadi. Ziwa la namna hiyo hupanda na kushuka mno. Miaka ya 1940 lilirudi nyuma sana. Mwaka 2020, na tena 2025, maji yaliingia kwenye nyumba za watu mtaani Kihoto. Ufuo wenyewe ni tambarare. Mahali ambapo ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 100, ziwa likipanda mita 1 tu, maji yanasogea mita 100 kuelekea mlango wako. Wakala aliwaonyesha ploti kiangazi. Mlichokiona kama kiwanja cha nyasi huenda ni sakafu ya ziwa iliyopumzika.

Wenye mashamba wa kando ya ziwa walilijua hili mapema. Mwaka 1929 waliunda chama chao, ambacho leo kinaitwa Lake Naivasha Riparian Association, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaelewana na serikali kuhusu mpaka. Ulichukuliwa mstari wa kiwango cha maji cha mwaka 1906, mita 1,892.8 juu ya usawa wa bahari. Juu ya mstari huo ni ardhi ya hati. Chini yake ni mali ya umma, na mwenye ardhi ya juu amekabidhiwa aiangalie: anaweza kulisha mifugo au kupanda mboga maji yakipungua, lakini hajengi kitu cha kudumu. Baadaye, Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za 2007 zilieleza kingo za ziwa lolote nchini kwa kupima kutoka kiwango cha juu kabisa cha maji kilichowahi kurekodiwa: mita 2 kwenda juu au mita 30 kwa upana, ile iliyo ndogo. Wakala akikwambia kwamba ‘hapa kila mtu amejenga mpaka majini’, kumbuka jumba la South End pale Barabara ya Lang'ata na lile la Ukay kule Westlands, yaliyobomolewa Agosti 2018 kwa kujengwa kwenye kingo za mito. Yalikuwa majumba ya mamilioni, na tingatinga hazikurudi nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata amana, fanyeni upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi, kisha mtafute mpima ardhi mwenye leseni, wa kwenu, asiwe yule aliyeletwa na muuzaji. Mwambieni mambo mawili. Atafute na kurudisha bikoni zote nne mahali pake kwa kufuata ramani ya usajili, halafu apime mwinuko na kuweka vigingi kwenye mita 1,892.8 kutoka ua mmoja hadi mwingine. Mwinuko huo auchukue kutoka alama ya kudumu ya upimaji. Simu ya mkononi haifai kabisa kwa kazi hii. Inaweza kukosea mita kadhaa kwenda juu, na hapa nusu mita ya mwinuko ni ukubwa wa bustani nzima. Mkigundua kwamba theluthi ya nusu ekari mnayouziwa iko chini ya vigingi, basi hiyo theluthi msiilipie. Hapo ndipo bei huongezwa kwa wageni wa ziwa.

Sasa kazi yenyewe ya kutunza. Chini ya mstari mtakuta mafunjo, na jambo la kwanza ambalo wenye ploti wapya hutaka ni kuyafyeka ili waone maji kutoka barazani. Msifanye hivyo. Mvua ikinyesha Kinangop, Malewa huja na udongo mwekundu na mbolea ya mashambani. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji hayo, tope likatuama kwenye mizizi, na naitrojeni na fosforasi zikabaki hapo badala ya kwenda kulisha gugu maji. Ndani yake samaki hutagia na ndege hujenga. Mkihitaji njia ya mashua, kateni moja nyembamba, upana wa mashua na makasia yake, na iende kwa mshazari, maana njia iliyonyooka huingiza mawimbi ya alasiri hadi ukingoni na udongo ukaanza kumomonyoka. Kateni juu ya usawa wa maji. Shina lililokatwa likafunikwa na maji huoza, lakini lililobaki juu huchipua tena na kukomaa ndani ya mwaka mmoja. Msiyachome. Na afadhali zaidi, njia hiyo moja muitumie na jirani wa kushoto na wa kulia. Ploti kumi zikikata njia kumi, hakuna mafunjo yaliyobaki ya kuchuja chochote.

Gugu maji ndilo litakalowafundisha kwa nini kuna kikundi. Lilionekana Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1980, na kukiwa na joto na mbolea ya kutosha huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Upepo huligandamiza leo upande wenu, kesho kwa jirani. Mtu mmoja akilitoa peke yake Jumamosi, Jumatatu limerudi, akakata tamaa na kununua dawa ya kuulia magugu. Dawa hiyo hufanya mabaya mawili: majani yaliyokufa huzama na kuoza, hewa ya oksijeni ikaisha majini na samaki wakafa, na sumu ikabaki kwenye maji ambayo watu wa Karagita na Kamere huyachota. Njia inayofaa ni ya pamoja. Wekeni kamba yenye maboya ya madumu matupu kukinga ghuba yote, muanze upande upepo unakotoka, mtu mmoja kwenye mashua akisukuma na wawili ufuoni wakivuta kwa uma na reki. Yaliyotolewa yabebwe juu ya kiwango cha maji ya masika, yatandazwe, yakauke kabisa ndipo yawe mboji. Yakiachwa ufuoni, wimbi la kwanza linayarudisha, na mbegu zake huweza kukaa topeni miaka mingi zikingoja. Wavuvi wa hapo wanajua upepo kuliko mtu yeyote, kwa hiyo walipwe na waongoze kazi.

Mashua ikitoka ziwa lingine, isafishwe, imwagwe maji yote na ikauke kabla ya kuingia. Naivasha imeumizwa sana na viumbe vilivyoletwa. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani, walioingizwa mwaka 1970, walikula mimea ya chini ya maji mpaka sehemu kubwa za ziwa zikawa uchi.

Kuhusu choo, hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo familia nzuri huchafua ziwa bila kujua. Udongo wa Naivasha ni majivu ya volkano na mchanga wa ziwa, mwepesi sana. Maji taka hupita haraka kabla vijidudu vya udongoni havijayasafisha. Kwa watu sita mnahitaji tangi la vyumba viwili lisilovuja, lita 3,000 hivi, chumba cha kwanza kikiwa mara mbili ya cha pili, na bomba la umbo la T mahali pa kuingilia na pa kutokea ili mafuta yanayoelea yasitoke. Tope linyonywe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Lakini tangi halina shida kubwa, shida ni mahali maji yanakoenda baada yake. Chini ya shimo la kunyonyea kunatakiwa angalau mita 1 na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji ya ardhini, hata wakati wa masika. Chimbeni shimo la majaribio linalopita kina cha shimo la kunyonyea kwa mita 1 na nusu, mwezi wa Aprili au Mei, mlifunike kwa usalama, mrudi baada ya siku mbili. Mkikuta maji chini, shimo la kunyonyea halifai hapo. Jengeni kitanda cha mchanga kilichoinuliwa juu ya ardhi, mbali na ziwa kadiri ploti inavyoruhusu, au wekeni tangi lililozibwa kabisa na kulipa lori la kunyonya. Na onyo: tangi la plastiki likinyonywa hadi tupu wakati maji ya ardhini yako juu, hubetuka na kuchomoza kutoka ardhini, likavunja mabomba yote. Liachwe na maji, au lifungwe kwenye zege tangu mwanzo.

Maji ya kunywa pia myapime. Visima vingi vya Naivasha vina floridi nyingi, na meno ya watoto hubadilika rangi. Kuchemsha hakuiondoi. Mkitaka kuvuta maji ya ziwa kwa pampu, kibali hutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mita hufungwa; chama cha watumiaji maji ndicho kinachosaidia kupanga nani apunguze ziwa likishuka.

Viboko wana njia zao, na hutoka majini jioni kwenda kula nyasi mpaka alfajiri. Ua ukiteremka hadi majini, kiboko hazuiliki. Anahamia njia ya jirani, au anakutana na mlinzi wako kwenye kona asikotarajia. Ua wenu uishie kwenye vigingi. Kulinda bustani, waya mmoja wa umeme uliowekwa nusu mita kutoka ardhini hutosha kumgeuza. Nyasi ndefu kando ya njia zikatwe ili mtu aone mbali, na mgeni yeyote aambiwe asiteremke ziwani usiku.

Sasa ada. Kikundi chenu cha barabara si kile chama cha 1929, msivichanganye. Hiki ni cha ploti zinazotumia njia moja. Ada yake hutengeneza barabara ya maramu, kuzibua makalvati kabla ya masika, kulipa gari la takataka na siku za gugu maji. Kabla ya kulipa, ombeni katiba, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho, na taarifa ya benki. Pesa ziingie kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, zisiende kwenye simu ya mweka hazina hata awe mcha Mungu namna gani. Ulizeni pia ada inagawanywaje. Kila ploti kulipa sawa huleta manung'uniko pale mwenye hoteli ya vyumba ishirini anapolipa sawa na mwenye nyumba ya wikendi. Vikundi vinavyodumu hutoza kiasi cha msingi kwa kila ploti, kisha huongeza kwa kadiri ya matumizi ya barabara na maji.

Ninaloliona la muhimu zaidi ni nani anaketi kwenye mkutano. Wengi wenu mnakaa Nairobi na mtakuwa huko siku mbili kwa wiki. Anayeona bomba likivuja Jumatano ni mlinzi, na anayeona samaki wakielea ni mvuvi. Waalikwe, wakae kwenye viti, maoni yao yaandikwe. Wakikuta umefunga njia ya zamani ya ng'ombe kwenda kunywa, watakuambia mapema na kwa upole, kabla ugomvi haujafika kwa chifu. Ziwa ni la umma, mwanangu. Mtu akitega nyavu mbele ya ploti yenu akiwa na leseni, yuko kwake. Msalimie, umuulize maji yako vipi.

Fanyeni pia jambo ambalo vikundi vingi hulisahau: simikeni ubao wa kupimia maji, wenye alama za sentimita, kwenye nguzo imara ndani ya maji, na yule mpima aunganishe sufuri yake na vigingi vyenu. Mlinzi asome kila Jumatatu asubuhi, kabla upepo haujaanza, aandike kwenye daftari tarehe, kipimo na mvua ya wiki. Mkiona limepanda kwa wiki nne mfululizo, toeni pampu na jenereta kutoka kibanda cha chini na mwambie jirani naye atoe zake.

Kwa mkataba wenu, mwambieni wakili aongeze kifungu kimoja: amana irudishwe yote kama vigingi vya mpima vitaonyesha eneo lililo juu ya mstari ni dogo kuliko lililotangazwa. Muuzaji akikataa kifungu hicho, msiendelee. Mpima akishapanga siku, niarifu, na mkwe wangu awepo aone kila kigingi kikipigwa.

Akupendaye,
Mama